Nyota Zimepungua: Kosa la Mwanafasihi na Funzo la Mwanafalaki

Mwezi wa Agosti mwaka 2019, nikiwa katika mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nilikwenda kumjulia hali nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu humwita Koko kama ilivyo ada ya Wamaasai. Boma lake liko nje kidogo ya mji wa Kajiado, ukiifuata barabara ya kuelekea Namanga. Mimi nilizaliwa na kulelewa Kitengela, mji wa vumbi, malori na nyumba zinazochipuka kila uchao, na kwa hivyo kila niendapo kwa Koko huwa kama niliyetoka sokoni na kuingia msikitini. Usiku huo tulikuwa tumeketi nje baada ya chajio. Koko aliinua uso, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kimaasai, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kawaida: "Nyota zimepungua."

Maneno hayo mawili yaliniingia moyoni. Niliyasikia kama mwanafasihi anavyofunzwa kusikia. Ndani yake niliiona ardhi ya babu iliyokatwa vipande na kuuzwa, ng'ombe waliokufa kwa kiangazi, na nyumbu ambao wazee husimulia jinsi walivyokuwa wakifurika tambarare za Kitengela kutoka mbuga ya Nairobi, nami sikuwahi kuwaona kwa wingi huo. Mwezi wa Oktoba niliyatia katika makala ya semina kuhusu sitiari za upotevu katika fasihi simulizi ya wafugaji. Nilichambua, nikafafanua, nikahitimisha. Wenzangu walinipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza iwapo nilimwuliza Koko alichomaanisha, na waama hata mimi sikuwa nimejiuliza swali hilo.

Azma ya insha hii ni kukiri kosa hilo mbele ya wanachama wenzangu, na kueleza jinsi nilivyolitambua kwa msaada wa elimu ambayo si yangu, yaani elimu ya falaki.

Likizo ya Desemba mwaka uo huo ilitukutanisha kwa Koko, mimi na binamu yangu, binti ya ami yangu, ambaye wakati huo alikuwa akisomea fizikia. Alikuja na tarakilishi yake ya mkononi iliyojaa namba. Alinieleza kuwa anatafuta nyota zinazobadilika mng'aro katika data za sensa za anga zilizofanywa kwa mwanga wa infraredi, data ambazo zimewekwa wazi mtandaoni kwa yeyote anayezitaka. Nami, kwa fahari ya mtu aliyekwisha kupigiwa makofi, nilimwonyesha makala yangu. Aliisoma hadi mwisho. Kisha akauliza neno moja: "Zipi?"

Sikumwelewa. "Nyota zipi zimepungua?" akarudia. Nikamjibu kwamba hiyo ni sitiari, na kwamba swali lake halina mashiko katika fasihi. Akatabasamu, akasema kuwa katika taaluma yao mtu akisema nyota imepungua, haaminiwi wala hapuuzwi mpaka ajibu maswali manne. Maswali hayo nimeyahifadhi hadi leo, nami nitayaeleza moja baada ya jingine, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo wa kazi yao.

Swali la kwanza ni hili: je, si sisi tuliosogea? Sisi wana wa Kiswahili tunalijua jambo hili tangu kale kwa methali ya Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Koko hukiita Inkokua. Mwishoni mwa masika Kilimia hutua magharibi pamoja na jua, kikapotea kwa wiki kadhaa, kisha kikaonekana tena mashariki alfajiri mwezi wa Juni. Wala Kilimia hakijabadilika hata chembe. Ni dunia yetu iliyozunguka jua na kutuweka upande mwingine. Kwa hivyo anayetafuta badiliko la kweli sharti kwanza aondoe badiliko linalotokana na safari yake mwenyewe.

Swali la pili: je, hakuna kitu kilichokaa katikati? Mkaazi wa Kitengela hahitaji kufunzwa habari za vumbi. Lori likipita kwenye barabara ya udongo, taa za gari lililo nyuma yake hugeuka kuwa doa la rangi ya kahawia, nawe huwezi kusema kuwa taa hizo zimeharibika. Angani nako kuna vumbi, tena jingi, hasa katika ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu, ambao ndio kundi letu la nyota likitazamwa kwa ubavu. Vumbi hilo huzuia mwanga tunaouona kwa macho, lakini huacha sehemu kubwa ya infraredi ipite. Ndiyo sababu wanafalaki hupenda kupiga picha kwa mwanga huo.

Nilimtaka binamu yangu anieleze infraredi kwa lugha ambayo Koko angeielewa. Akanipeleka jikoni. Moto ulikuwa umekwisha kuzimika, na gizani mafiga hayakuonekana. Akaniambia ninyooshe kiganja juu ya majivu. Joto likanipiga. "Huo ni mwanga," akasema, "ila macho yako hayana habari nao." Akaniongezea kwamba mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, akapanga vipimajoto kwenye rangi zilizojitokeza. Kile alichokiweka ng'ambo ya wekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote, kilipanda kuliko vyote. Basi infraredi ni mwanga ulio ng'ambo ya wekundu. Nyota nyingi zilizozeeka huvimba na kusinyaa, hutoa vumbi na kujifunika kwa vumbi hilo hilo. Mtu akizitazama kwa jicho haoni kitu au huona kidogo. Akinyoosha kiganja cha infraredi, huzikuta ziko hai chini ya majivu.

Hapo tuliingia katika mjadala wa istilahi, ambao wasomaji wa jarida hili watanisamehe nikiutaja. Nilipendekeza nyota hizo ziitwe "nyota geugeu." Binamu yangu akakataa katakata. Alisema kuwa geugeu ni tusi kwa mtu asiye na msimamo, ilhali nyingi ya nyota hizi hubadilika kwa mpangilio unaoshinda saa. Tukakubaliana juu ya "nyota badilifu," nami sijapata neno bora zaidi tangu siku hiyo.

Swali la tatu: je, tatizo si jicho linalotazama? Swali hili, alisema, ndilo linalowala wanafalaki muda mwingi kuliko yote. Darubini hupata joto, kioo hushika uchafu, hewa hutikisika, nyota mbili zilizokaribiana huchanganyika zikaonekana moja. Hakuna picha mbili zinazofanana. Dawa yake ni kutoiangalia nyota moja peke yake kamwe. Mtazamaji huilinganisha na jirani zake katika picha ile ile. Iwapo nyota zote zimefifia pamoja, basi kilichofifia ni hewa au chombo. Iwapo jirani zote zimetulia na moja tu imeshuka kupita kiasi cha makosa ya kawaida ya kipimo, hapo ndipo mtu anaanza kushuku.

Naye swali la nne huja mwisho, baada ya matatu ya kwanza kujibiwa: je, ni nyota yenyewe? Na hata hapo picha mbili hazitoshi. Ni lazima kurudi, na kurudi tena. Alinipa mfano wa sensa iitwayo 2MASS, iliyopiga picha anga lote kwa infraredi kati ya mwaka 1997 na 2001 kwa darubini mbili, moja Arizona na nyingine Chile, na kuorodhesha nukta za mwanga zaidi ya milioni 470. Sehemu kubwa ya mbingu ilitazamwa mara moja tu, kwa hivyo kuhusu badiliko haikusema mengi. Hata hivyo, kila usiku wafanyakazi walikuwa wakivirudia vipande vichache vya anga ili kusawazisha vipimo vyao. Vipande hivyo vilikuwa kama jiwe la mizani, havikukusudiwa kuwa utafiti. Baadaye watu walipozifungua picha hizo zilizorudiwa mara mamia na hata maelfu, walikuta humo nyota badilifu zilizokuwa zikingoja kusomwa. Kilichozifichua ni ile tabia ya kurudi mahali pale pale na kuandika kila mara.

Nikiwa bado nautetea uwanja wangu, nilimwambia kwamba mambo haya yote hayamhusu Mswahili, na kwamba hakuna neno letu hata moja katika vitabu vyao. Akanijibu kwa kuandika kwenye vumbi, kwa kijiti: 4U. "Hiyo U ni neno lako," akasema. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza mbingu kwa eksirei, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Iligundua kuwa chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8, na kwamba Cygnus X-1 hubadilika upesi mno, jambo lililosaidia kuwashawishi wataalamu kuwa hapo pana shimo jeusi. Orodha ya nne ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339, na hadi leo vingi vyavyo hutajwa kwa namba inayoanza na 4U. Nilinyamaza. Nilikuwa nimesoma Kiswahili kwa miaka mingi bila kujua kuwa kuna neno letu lililobandikwa mbinguni.

Usiku ule ule tuliketi nje na Koko. Binamu yangu, badala ya kumsomea makala yangu, alimwuliza kwa adabu: "Koko, ulisema nyota zimepungua. Zipi?"

Koko hakusita. Alielekeza mkono mashariki, kwenye ile nyota nyekundu iliyo begani mwa kundi la Jabari, ambayo wanafalaki huiita Betelgeuse. "Ile imechoka," akasema. Binamu yangu akashtuka, kisha akacheka kwa furaha. Ilikuwa kweli! Wiki hizo hizo wanafalaki duniani kote walikuwa wakiishangaa Betelgeuse, iliyokuwa ikififia kuliko ilivyowahi kupimwa. Kufikia Februari 2020 mng'aro wake ulikuwa umeshuka hadi chini ya nusu ya kawaida yake, kabla haujarudi. Mwaka 2021 watafiti waliotumia darubini kubwa za Chile walieleza kuwa nyota hiyo ilitema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na vumbi likatanda mbele yake. Lakini usiku ule hayo hayakujulikana bado. Mimi nilichojua ni kwamba Koko alikuwa sahihi, na moyoni nikajiona nami nimekuwa sahihi pamoja naye. Laiti tungeishia hapo, ningeirudisha makala yangu chuoni nikiwa nimeipamba kwa sayansi.

Binamu yangu hakuishia hapo. Alikumbuka swali la tatu. "Na Inkokua, Koko? Unaziona ngapi?"

Kilimia kilikuwa juu kabisa, kimekaa wazi upande wa kaskazini, na anga halikuwa na wingu. Mimi nilihesabu sita. Binamu yangu akahesabu sita. Koko alikaza macho, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. "Zamani zilikuwa sita," akasema. "Mwaka jana zilikuwa nne. Sasa naona kama moshi tu." Binamu yangu akamwomba afumbe jicho la kushoto. Koko akalifumba, akakaa kimya. Kisha akasema polepole kwamba kwa jicho hilo la kulia moshi wenyewe haupo.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi kimya cha wakati ule kilivyokuwa. Watu watatu walitazama nyota zile zile, usiku ule ule, chini ya hewa ile ile. Wawili waliona sita. Anga halikuwa limebadilika. Betelgeuse ilikuwa imefifia kweli, lakini kweli hiyo ilikuwa imekaa mbele ya kweli nyingine na kuificha.

Tulimpeleka hospitali juma lililofuata. Daktari alieleza kuwa jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na kwamba linaweza kupasuliwa likaona tena. La kulia lilikuwa na presha ya macho, maradhi yanayokula uwezo wa kuona kidogo kidogo kutoka pembeni, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Aliuliza ni tangu lini alipoanza kulalamika. Baba akanitazama. Nikasema, "Tangu Agosti." Daktari hakunilaumu, alisema tu kwamba maradhi haya, mtu akija mapema, husimamishwa. Kama miezi minne ile ilikuwa na uzito au la, hakuna awezaye kunipimia. Mimi huihesabu hata hivyo. Katika miezi hiyo minne, maneno ya mgonjwa yalikuwa yakichambuliwa semina kama sitiari.

Jicho la kushoto lilipasuliwa Februari 2020. Siku moja baadaye, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, nilimwungamia Koko kila kitu: makala, makofi, na tafsiri yangu kuhusu ardhi na nyumbu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, niliposema nyota zimepungua, nilikuwa nasema nyota zimepungua. Habari za shamba ungeniuliza, ningekwambia kwa jina la kila aliyenunua."

Tangu siku hiyo sijaacha kupenda sitiari; taaluma yangu ndiyo hiyo, na shahada ya uzamili ninayosomea sasa ni ya fasihi. Ila nimejifunza kuzichelewesha. Kabla ya kusema kwamba msimulizi anamaanisha jambo jingine, namwuliza kwanza iwapo hamaanishi lile alilolisema. Nauliza kama mimi ndimi niliyesogea, maana mtu aliyelelewa Kitengela husikia ya Kajiado kutoka upande wake. Nauliza kama hakuna kitu katikati yetu, kwa mfano tafsiri yangu ya Kimaasai, ambayo si safi. Nauliza kama kasoro haiko katika sikio langu. Tena hurudi. Fanani niliyemrekodi mara moja namhesabu kuwa sijamrekodi, kwa sababu simulizi moja, kama picha moja ya anga, haiwezi kuniambia ni lipi limebadilika na ni lipi limedumu.

Nami naona kuwa hata wanafalaki wenyewe hawaoni haya kusema hawajui. Sensa nyingine ya infraredi, VVV, iliyoanza mwaka 2010 kwa darubini ya VISTA huko Chile, ilirudia maeneo ya katikati ya kundi letu la nyota kwa miaka mingi. Humo ilionekana nyota kubwa mno ambayo mwaka 2012 ilififia kwa takriban asilimia 97 kwa muda wa siku mia kadhaa, kisha ikarudi taratibu. Watafiti walipoitangaza mwaka 2021, waliiita VVV-WIT-08, na herufi hizo WIT ni kifupisho cha swali la Kiingereza lenye maana ya "Hiki ni nini?" Wamekwisha kuwa na kundi zima la vitu vyenye jina hilo. Sisi tuliolelewa kwa "Kitendawili!" na "Tega!" tunaifahamu hekima hiyo: asiyejua hutoa mji, hajitungii jibu. Mimi katika semina yangu sikutoa mji. Nilijitungia jibu, nikapewa makofi.

Binamu yangu bado yuko katika kazi hiyo, na kazi yenyewe imekua. Setilaiti ya infraredi ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009 na kuamshwa tena mwaka 2013 kwa jina la NEOWISE, ililizunguka anga lote takriban mara moja kila miezi sita hadi ilipomaliza kazi mwaka 2024. Ilikusudiwa kusaka miamba ya angani inayopita karibu na dunia, lakini kila ilipopita, nyota nazo ziliandikwa. Mwaka 2024 mwanafunzi wa shule ya upili huko California, Matteo Paz, alichapisha njia ya kuifundisha tarakilishi kuzipepeta data hizo, na kwa njia hiyo vikapatikana vyanzo vipya takriban milioni moja na nusu vinavyoshukiwa kubadilika. Binamu yangu hulisisitiza neno "vinavyoshukiwa." Kila kimoja kinangoja mtu wa kukiuliza yale maswali.

Wanachama wenzangu, ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu ana Koko wake. Tukienda nyumbani na vinasa sauti vyetu, tusiwe wepesi wa kuwafanya wazee wetu kuwa mashairi kabla hatujawasikia kama watu. Na tuweke daftari.

Mimi ninalo. Kila Desemba sisi watatu huketi nje ya boma, tukahesabu Kilimia, kila mmoja kimyakimya, kisha naandika tarehe na hesabu za wote. Kwa jicho lake moja Koko amekuwa akihesabu tano kila mwaka, hajashuka. Desemba iliyopita yeye alisema tano, binamu yangu akasema sita, nami nikasema tano. Tulirudia, nikasema tano tena. Koko akacheka, akamwambia binamu yangu anipeleke nikapimwe macho mapema. Nilikwenda kabla likizo haijaisha, na insha hii nimeiandika nikiwa nimevaa miwani.